Kadi ya kliniki ikikataliwa Marekani, usikubali mtoto aanze chanjo zote upya

Wazazi wenzangu mnaokuja Marekani na watoto, someni hii kabla hamjaenda kuandikisha shule. Mwanangu alizaliwa 30 Mei 2018, kadi yake ya kliniki tulikuja nayo vizuri kabisa kutoka bongo, nesi akaigeuzageuza akasema hii haifai, aanze zote moja. Niliumia kwa kweli, maana mtoto sindano anaziogopa hadi anatetemeka.

Kumbe shida ilikuwa tarehe. Penta ya tatu imeandikwa 05/09/2018, sisi tunajua ni tarehe tano mwezi wa tisa, wenzetu wanaanza na mwezi kwa hiyo wakasoma Mei 9, yani mtoto kachanjwa hata hajazaliwa! Nikakaa nikachapa upya karatasi yenye majina ya miezi, na pembeni nikaeleza Penta ni nini (dondakoo, kifaduro, pepopunda, Hib na homa ya ini B), nikaambatanisha na kadi yenyewe yenye mihuri, daktari wa watoto akakubali dozi zote tatu za pepopunda na wenzake. Kadi ya nje wanaikubali bana, ila iwe imeandikwa na ina tarehe, maneno ya mdomo hayahesabiki.

Lakini zipo ambazo lazima arudie hata kadi iwe safi vipi, hapo usigombane na mtu. Surua ya miezi 9 hawaihesabu, kwao inaanzia mwaka mmoja, na ya kwetu haina matumbwitumbwi, kwa hiyo MMR (chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubella) atachomwa. Matone ya polio yaliyotolewa kuanzia Aprili 2016 hayahesabiki maana aina moja ya kirusi iliondolewa humo, ila ile sindano ya polio inahesabika. Homa ya ini dozi ya mwisho inatakiwa mtoto awe na wiki 24 na kuendelea, sisi tunamaliza wiki ya 14, basi anaongezewa. Tetekuwanga kwetu haipo kwenye ratiba, basi hiyo anaianza huku.

MMR na tetekuwanga zichomwe siku moja, zikipishana lazima zipite siku 28. Mama mjamzito hizo mbili asichomwe kabisa.

Kadi imepotea? Mwambie bibi au shangazi aende zahanati ile ile wakatafute kwenye rejista, atume picha WhatsApp. Ikishindikana kuna kipimo cha damu cha kinga ya surua, rubella na tetekuwanga, uliza bei kwanza. Na wakitaka kupima TB, sema mapema mtoto ana kovu la BCG (chanjo ya TB), waombe kile cha damu, kile cha kuchoma kwenye ngozi kinaweza kudanganya.

Hela isikutishe, chini ya miaka 19 kama hana bima au yuko Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) chanjo zenyewe ni bure kupitia mpango wa Vaccines for Children, wapigie idara ya afya ya kaunti yako uwaulize kliniki gani wanao.