Somo: Kumhamisha mzazi kutoka rihabu kwenda makao ya dimensha (Marekani)

Nimechoka kujibu swali la namna ya kumhamisha mzazi inboksi, mmoja mmoja. Linawahusu ambao mzee wao kaanguka, kafanyiwa upasuaji wa nyonga, yuko rihabu (kituo cha uuguzi na mazoezi baada ya hospitali), na kwa dimensha yake (kupotewa na kumbukumbu) hawezi kurudi kuishi peke yake.

1. Malipo. Medicare ya kawaida (bima ya afya ya serikali kwa wazee) hulipia rihabu ikiwa alilazwa hospitali siku 3 mfululizo. Siku za "uangalizi", yaani hospitali imemwandika ni wa kuangaliwa tu na si wa kulazwa, hazihesabiwi hata kama alilala wodini. Siku 20 za kwanza huchangii, ya 21 hadi 100 unachangia kila siku. Hiyo 100 ni kikomo, hamjaahidiwa. Chumba cha makao ya dimensha Medicare HAILIPI.

2. Hati za uwakili, ya matibabu na ya fedha, zisainiwe mzee akiwa bado anaelewa anachosaini. Akishapita hapo, itabidi mwombe mamlaka hayo mahakamani.

3. Muuguzi wa makao aje rihabu amwone. Ulizeni mapema fomu ya daktari na kipimo cha TB.

4. Dawa. Hapa ndipo watu wanapokwama. Makao hayampi hata kidonge cha maumivu bila agizo la daktari, na mengi hayapokei chupa zako za nyumbani, yanataka dawa zilizofungwa na famasi yao. Daktari wa rihabu akishamruhusu hamhudumii tena, na yule mpya hajamwona. Mzee anabaki katikati. Kwa hiyo siku tano kabla dai maagizo yaliyosainiwa, siyo orodha tu, yatumwe famasi ya makao. Dawa kali za maumivu kama oxycodone zinahitaji cheti cha daktari cha dawa hiyo, orodha haitoshi. ONYO: usikubali kuhama Ijumaa. Kosa likionekana saa kumi jioni, utampata nani hadi Jumatatu? Kisha linganisha orodha tatu: ya kabla hajaanguka, ya hospitali, ya rihabu. Dawa ya kumtuliza aliyoanzishiwa wodini usiku aliochanganyikiwa huendelea miezi kwa sababu hakuna aliyeuliza. Na dawa za usingizi za dukani zenye diphenhydramine zinaongeza kuchanganyikiwa. Ziondoeni.

5. Chumba: shuka na picha zake. Zulia dogo usiweke, atajikwaa.

6. Ahamie asubuhi baada ya chai. Wengi huanza kuhangaika jua likielekea kuzama.

MASWALI

mpita_njia: Kwa hiyo Medicare italipa makao au hailipi? Jibu haraka.

Mtoa somo: Hatua ya 1, sentensi ya mwisho. Nimeiandika kwa herufi kubwa.

binti_wa_kwanza: Samahani dada, mama kapewa barua kuwa malipo yanaisha keshokutwa. Wanasema haonyeshi maendeleo.

Mtoa somo: Pole mdogo wangu. Piga namba iliyo kwenye barua kabla ya saa sita mchana, siku moja kabla ya malipo kukoma. Yaani kesho, lakini piga leo. Kukata rufaa ni bure. "Haonyeshi maendeleo" peke yake si sababu: suluhu ya kesi ya Jimmo, 2013, kesi dhidi ya serikali kuhusu malipo ya Medicare, ilithibitisha kuwa huduma ya kitaalamu ya kumzuia asizidi kudhoofika nayo inalipiwa. Ila usitaje kwamba chumba cha makao hakijawa tayari, hilo hawaliangalii. Zungumzia huduma anayohitaji kila siku. Ukishindwa, uliza makao kama wanapokea mtu wa muda mfupi kwa malipo yenu.

mwana_pwani: Bibi Kiingereza kinampotea, amerudi Kiswahili kitupu. Wahudumu wataelewanaje naye?

Mtoa somo: Swali zuri sana. Bandika kadi kubwa karibu na kitanda: maji, choo, inauma, baridi, nimeshiba, na matamshi yake kwa tahajia ya Kiingereza. Ongeza "shikamoo". Wafundishe waanze nayo kabla ya kumgusa, utaona kumwogesha kunavyokuwa rahisi. Na uliza zamu zote. Wapo wahudumu Wakenya, pengine yupo wa kumsemesha.

mwana_pwani: Na khanga zake?

Mtoa somo: Peleka za zamani. Andika jina kwenye pindo kwa wino usiofutika, dobi ni mmoja kwa wote. Miwani na kifaa cha kusikia vipige picha siku ya kwanza, ndivyo vinavyopotea mno.

binti_wa_kwanza: Meno ya bandia pia.

Mtoa somo: Hayo hutupwa na tishu za kwenye sinia la chakula. Kikopo chenye jina, kikae bafuni.