Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujamleta Paka wa Bengal Nyumbani

Anayevutiwa na madoa ya paka wa Bengal aulize kwanza kizazi chake. Aina hii ilitokana na kumzalisha paka wa nyumbani na paka chui wa Asia, mnyama mdogo wa mwituni. Jean Mill wa Marekani aliiendeleza katika miaka ya 1980, na mwaka 1991 chama cha kimataifa cha paka, TICA, kikairuhusu kushindania ubingwa kwenye maonyesho. Mtoto wa moja kwa moja wa paka mwitu huitwa F1, mjukuu F2, kitukuu F3. Hao huwa waoga, wagumu kuzoea watoto, na wengine hawashiki kabisa choo cha ndani. Familia ichukue F4 au zaidi, na karatasi za ukoo zionyeshe hivyo. Angalia pia sheria ya mahali unapoishi: Hawaii na jiji la New York, kwa mfano, haziruhusu kabisa.

Kwa mfugaji anayekuuzia, omba vipimo vya wazazi wote wawili. Upungufu wa kimeng'enya cha pyruvate kinase, unaoleta upungufu wa damu, na ugonjwa wa kuoza kwa retina (PRA-b) hupimwa kwa DNA. Magonjwa yote mawili humpata kitoto aliyerithi jeni mbovu kwa baba na kwa mama, hivyo mzazi mmoja akiwa safi, watoto hawataugua. Unene wa misuli ya moyo ni habari nyingine. Kwa Bengal hakuna kipimo cha DNA cha kuutegemea, na unaweza kujitokeza ukubwani, kwa hiyo wazazi wapigwe ultrasaundi ya moyo mara kwa mara. Cheti cha zamani hakitoshi. Ukisikia vitoto vinaharisha bila kukoma, dai kinyesi kipimwe Tritrichomonas, kijidudu cha utumboni, maana dawa za kawaida za minyoo hazikigusi. Kitoto kisiondoke kwa mama kabla ya wiki 12.

Sasa nyumba. Paka huyu hupanda juu kabisa, hufungua vitu na hupenda maji. Vitasa vya kubonyeza chini atavirukia mpaka mlango ufunguke, kwa hiyo weka vya kuzungusha au komeo. Wavu wa nailoni dirishani atautafuna. Tumia wa chuma, tena uliofungwa kwa skrubu. Kifuniko cha choo kishushwe kila mara, beseni lenye maji lisiachwe wazi, na tangi la samaki liwe na mfuniko mzito. Mti wa kupandia uwe na kimo cha mita 1.5 hadi 1.8, ufungwe ukutani kwa kikono cha chuma. Ukiyumba mara moja tu anaporukia, hataurudia, na atahamia juu ya kabati. Nguzo ya kukwarulia iliyozungushiwa kamba ya katani isipungue sentimita 90, kwa sababu anataka kujinyoosha mwili mzima. Zile fupi za dukani ni hasara.

Trei ya choo ya kawaida ni ndogo kwake. Chukua sanduku la plastiki lenye urefu wa sentimita 65 hivi na kuta za sentimita 35, kisha kata mlango upande mmoja ukiacha kizingiti cha sentimita 12. Kuta ndefu zinahitajika kwa kuwa wapo wanaokojoa wakiwa nusu wamesimama. Mwaga mchanga usio na manukato, kina cha sentimita 5, uchotwe uchafu angalau mara moja kwa siku. Idadi ya masanduku ni idadi ya paka kuongeza moja. Dume ahasiwe kabla ya miezi mitano, kabla hajaanza tabia ya kurushia kuta mkojo. Akishakojoa pasipo choo, safisha kwa dawa yenye vimeng'enya; yenye amonia inanukia kama mkojo na itamrudisha palepale. Dume anayechuchumaa tena na tena bila mkojo kutoka apelekwe kwa daktari saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi.

Lakini kinachowashinda wengi ni muda. Tenga vipindi viwili au vitatu kila siku, vya dakika 10 hadi 15, na mkubaliane mapema nani anacheza saa ngapi. Tumia fimbo yenye manyoya mwishoni, na uyavute yakimkimbia. Ukimsogezea usoni atarudi nyuma, kwani hakuna windo linalomfuata mwindaji. Mwache akamate mara kadhaa, kisha mpe chakula papo hapo: kunyatia, kukimbiza, kukamata, kula, ndipo alale. Taa ya leza inayoishia hewani humwacha na kiu ya kukamata, na miguu ya watoto ndiyo inayolipa. Kamba na nyuzi zifungiwe kabatini mchezo ukiisha, kwa sababu zikimezwa hukunja utumbo na kuukata. Akilia saa kumi alfajiri, usiamke kumlisha hata mara moja. Mashine ya kulishia yenye saa ifanye kazi hiyo, asikuhusishe wewe na chakula cha alfajiri.

Hamsta na ndege wa kufugwa usiwaweke naye hata kama wamo kizimbani. Mtoto mdogo asiachwe naye bila mtu mzima. Maua ya lili yatoke nyumbani, pamoja na maji ya chombo chake, kwani huua figo. Parasetamoli na dawa za viroboto vya mbwa zenye permethrin nazo ni sumu. Kama kuna mwenye mzio wa paka, akae kwanza na Bengal mzima kwa saa kadhaa, kwani manyoya mafupi hayamzuii kutoa vichochezi vya mzio.

Siku ya kumpokea, tayarisha chumba kimoja tu: choo kona moja, maji na chakula kona ya mbali, na sanduku la kusafiria likiwa wazi la kujifichia. Kama kuna paka mwingine, badilishaneni vitambaa vya kulalia ili wazoeane harufu kabla ya kuonana. Akishakula vizuri, akitumia choo, na akija mlangoni mkia ukiwa juu, fungua chumba cha pili.