Mtini: kwenye pipa au ardhini?

Kwetu Kisumu, upande wa Kano, udongo ni mweusi wa mfinyanzi. Masika yakifika maji hutuama, na mtini hauvumilii mizizi iliyozama. Wangu wa kwanza ulioza hivyo, niliumia sana. Sasa napanda kwenye pipa la plastiki lililokatwa nusu, takriban lita 100. Toboa matundu kumi chini, liinue juu ya mawe, kisha changanya udongo, mchanga na samadi iliyooza vizuri. Anza na kipande cha tawi lililokomaa, sentimita 20, cha aina isiyohitaji uchavushaji kama Brown Turkey.

Pipa linataka uangalizi: Januari namwagilia kila siku. Baada ya miaka 2 au 3 mizizi hujaa, hivyo utoe mti, upunguze mizizi ya pembeni na uurudishe na udongo mpya.

Dada yangu yuko Nakuru, kwenye udongo wa volkano unaopitisha maji. Yeye alipanda ardhini, mbali na ukuta na shimo la choo, kwa kuwa mizizi husambaa. Mti wake ni mkubwa kuliko wangu na hauhitaji maji mengi.

Usichume tini mapema, haliivi likishakatwa. Ngoja lilegee na kuinama shingo. Utomvu wake huwasha, vaa glavu.