Somo: Jinsi ya kukusanya na kuchambua filamu za zamani za vita, zile za bajeti ndogo

Wengi mmeniuliza mnaanzia wapi, kwa hiyo nimeamua kuliandika mara moja. Nazungumzia filamu za miaka ya 1950 na 1960 za mikuki, panga, ngome na farasi, zilizotengenezwa kwa pesa kidogo huku mabango yake yakiahidi majeshi ya maelfu. Utamu uko hapo hapo. Tuseme mwongozaji ana watu themanini, kilima kimoja na siku chache za kupiga picha. Sasa tuone atafanyaje mpaka mtazamaji aamini kwamba hilo ni jeshi. Ukizipima filamu hizi kwa ukubwa, karibu zote zitaanguka. Mimi nazipima kwa ujanja.

Hatua ya kwanza: chagua kona yako

Usikusanye kila chenye upanga, utajaza nyumba na mama watoto atakufukuza. Kuna kona mbili nzuri. Moja ni ya Waitaliano: wimbi lao lilipata nguvu mwaka 1958 kwa Le fatiche di Ercole, ambamo Steve Reeves alikuwa Hercules na Mario Bava alishika kamera, likadumu hadi kama 1965 hivi, kisha wakahamia kwenye makauboi. Nyingine ni ya Waingereza na vita vyao vya kikoloni, hasa vya Sudan na vya Wazulu. Mimi niko huku kwa pili, kwa sababu nataka kuona walivyotuonyesha sisi.

Hatua ya pili: jua pa kutafuta

Kwa walio Kisumu, nendeni soko la Kibuye siku ya Jumapili. Lakini usiende kwa muuza muvi. Huyo atakuwekea za mwaka huu kwenye flashi. Nenda kwa wanaouza redio kuukuu, spika na pasi zilizoungua. Uliza kama ana deki, ile mashine ya kuchezea kanda za video. Mwenye deki ya kuuza mara nyingi aliichukua pamoja na katoni ya kanda kutoka nyumba ya mtu aliyehama, na katoni hiyo iko chini ya meza, hajui aitangaze vipi. Ulizia pia wazee waliokuwa na vibanda vya video mitaani. Kibanda kilifungwa, ila kanda hazikutupwa zote.

Hatua ya tatu: kagua kabla ya kutoa pesa

Kanda ya VHS: bonyeza kitufe kidogo cha pembeni, inua kifuniko cha mbele, uangalie utepe wenyewe. Ukiwa umekunjamana, iache. Kisha tazama magurudumu kupitia kidirisha. Vumbi jeupe kwenye kingo za utepe si vumbi, ni kuvu, na kwa unyevu wetu wa ziwa kuvu haina likizo.

VCD: diski moja hubeba dakika 74 hadi 80 tu, hivyo filamu nzima huja kwa diski mbili. Hakikisha zote zipo, na kwamba ya pili si nakala ya ile ya kwanza. Vita vikubwa huwa mwishoni, na mwisho uko kwenye diski ya pili.

DVD: diski hufungwa kwa namba ya eneo la dunia (region). Kenya tuko eneo namba 5, za Uingereza ni 2, za Marekani ni 1. Mashine nyingi za bei nafuu huku husoma zote. Jaribu tu hapo hapo.

Hatua ya nne: tazama mara mbili

Mara ya kwanza kaa kama mtoto wa kibandani, ushangilie steringi. Mara ya pili shika daftari. Hesabu safu ya mbele ya jeshi. Tafuta sura inayokufa upande wa kushoto kisha inafufuka kulia. Angalia moshi unatokea lini, maana moshi huficha uhaba wa watu. Angalia kivuli na mawingu: wanaoshambulia wako kwenye jua kali, wanaoshambuliwa wana mawingu, na eti ni saa ile ile.

Halafu kuna vita vya kukopa, yaani vipande vilivyochukuliwa kutoka filamu nyingine, na hapa ndipo mchambuzi hujulikana. Chukua The Four Feathers ya mwaka 1939, iliyoongozwa na Zoltan Korda na kupigwa picha Sudan kwenyewe kwa rangi za Technicolor. Hiyo haikuwa ya bei rahisi. Vita vyake vya Omdurman (vile halisi vilipiganwa tarehe 2 Septemba 1898) vina watu na wanyama wa kutosha. Mwaka 1955 hadithi hiyo ikarudiwa kwa jina la Storm Over the Nile, na vipande vya vita vya 1939 vikachukuliwa, vikavutwa kwa upana ili vijaze skrini pana ya CinemaScope. Watazame farasi: ghafla wamekuwa wanene na wafupi, kisha tukirudi karibu na steringi, viumbe wote wanapata umbo lao. Mwaka 1964 East of Sudan nayo ikachota kutoka kisima kile kile. Kuna watu pale walikufa 1939 wakaendelea kufa mpaka 1964.

Dalili kubwa ya kukopa: steringi hakai kamwe kwenye fremu moja na jeshi. Anatazama mbali, jeshi linapita, anatazama tena. Kukopa kwenyewe sikuondolei alama. Nauliza kama mhariri aliwakutanisha vizuri.

Hatua ya tano: andika

Ukurasa mmoja unatosha. Taja nakala uliyotazama, urefu wake, na tukio moja lililofanikiwa, useme kwa nini. "Ni mbaya" si uchambuzi.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Nakuru: Kava linasema dakika 90, kanda yangu inaisha dakika 86. Nimepunjwa?

Hapana, kaka. Filamu ya sinema huenda fremu 24 kwa sekunde, video yetu ya PAL (mfumo wa video unaotumika huku) huenda 25. Zidisha 90 kwa 24 ugawe kwa 25, utapata 86 na kidogo. Ingekuwa 78, hapo kuna mtu alitumia mkasi.

Mwanachama wa Kakamega: Kanda yangu ina hicho cheupe. Niicheze mara moja tu niione?

Usithubutu, dada. Itachafua kichwa cha deki, na deki itaambukiza kanda nyingine zote. Itenge, iweke pakavu, umpelekee fundi anayejua kusafisha utepe. Zilizo nzima zisimamishe wima kama vitabu, mbali na sakafu.

Mwanachama wa Kondele: Nakala yenye sauti ya DJ Afro ina thamani kwa mkusanyaji?

Inayo sana, maana DJ Afro ndiye anayetusimulia filamu juu ya picha, lakini iwe nakala yako ya pili. Sauti yake hufunika ya asili, kwa hiyo huwezi kuichambua filamu kwayo. Unachoweza kuchambua ni namna sisi tulivyoipokea, na hiyo ni kazi nzuri peke yake.

Mwanachama wa Kisumu: Makosa ya historia unayaondolea alama ngapi?

Inategemea. Kitufe cha koti kisicho cha mwaka wake, sifuri. Zulu ya 1964 imemfanya askari Henry Hook kuwa mlevi, ilhali hakuwa mnywaji. Hilo nalihesabu, kwa sababu ni jina la mtu halisi. Zaidi ya hapo, haituelezi vizuri kwamba ni Waingereza walioivamia nchi ya Wazulu Januari 1879. Hapo nakata nyingi, ingawa picha zake nazipenda.

Mwanachama wa Webuye: Mwalimu, historia yetu ya Chetambe inaweza kupimia filamu za ngome?

Tena vizuri sana. Mwaka 1895 Wabukusu walijikinga dhidi ya Waingereza huko Lumboka, kisha Chetambe, nyuma ya kuta za udongo na mahandaki, na ndani ya ngome zile mlikuwa na familia na mifugo. Filamu nyingi za bajeti ndogo huweka askari peke yao ngomeni. Hakuna mtoto, hakuna ng'ombe, na hakuna anayeulizia maji hata siku ya tano. Ukipata moja inayoonyesha kisima, hata kwa sekunde mbili, niandikie jina lake.