Chanjo ipi, kwa nani, dozi ngapi: nilivyowachagulia wanawake wa nyumba yangu

Kila Januari kibaraza changu hapa Ngamiani, Tanga, hujaa wasichana wanaokuja kupimwa sare za shule. Nikiwa na futi shingoni namuuliza mama mtu: "Huyu ana miaka mingapi?" Swali hilo nimeliuliza miaka ishirini kwa ajili ya upindo, maana mtoto wa miaka kumi hurefuka haraka, na sketi isiyo na upindo mnene ikifika mwezi wa saba imeshapanda. Siku hizi naliuliza kwa jambo jingine pia: "Keshachomwa ile chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi?"

Wengi hunirudishia swali. Ipi? Nasikia ziko nyingi. Nasikia ya bure ni hafifu, ile kali inauzwa hospitali binafsi. Mama mmoja wa Makorora aliniambia anadunduliza fedha ili binti yake wa miaka kumi na miwili apate "ile ya aina tisa", na huku anadunduliza mwaka umepita, mtoto hajapata yoyote. Namwandikia yeye na wenzake.

Dada yangu mkubwa alifariki mwaka 2019 kwa saratani hii. Alikuwa akitokwa damu kila akikutana na mumewe, na kwa miezi mingi kituo kimoja kilimpa dawa za mkojo bila mtu kumlaza kitandani akamwangalia. Tulipomfikisha hospitali ya Bombo, kisha tukapanda naye basi hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ugonjwa ulishavuka hatua ya kufanyiwa upasuaji. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza. Nyumbani tuko wanne: mimi mwenye miaka 41, binti yangu wa miaka 11, binti wa marehemu dada mwenye miaka 19 anayesomea uuguzi, na wifi yangu wa miaka 24 anayetumia dawa za ARV. Wifi ameniruhusu niandike habari zake, kwa sababu anasema wenzake wa kliniki hawajui jambo hili.

Anza na umri. Jina la chanjo liache kwanza. Saratani ya mlango wa kizazi karibu yote hutokana na virusi vya HPV, vinavyopatikana kwa kujamiiana. Chanjo huufundisha mwili kuvizuia kabla havijaingia. Haivifukuzi vilivyokwisha ingia, na haitibu saratani. Ndiyo maana dawa hii ni ya mtoto ambaye bado hajamjua mwanamume, na ndiyo maana wakubwa wetu hapa pwani, waliozoea kulea binti kwa haya, wanashtuka wakisikia umri wa miaka tisa. Nawaelewa. Nami nawaambia kwa upole kwamba sindano haimfundishi mtoto lolote. Inamtangulia tu.

Mwanangu wa uuguzi alinionyesha hesabu za Uingereza zilizotolewa mwaka 2021, na ndizo zilizonifanya niache kubishana juu ya majina. Wasichana waliofikiwa na mpango wa chanjo wakiwa na miaka 12 hadi 13 walipokua, saratani hii kwao ilikuwa imepungua kwa asilimia 87. Waliofikiwa wakiwa na miaka 14 hadi 16, asilimia 62. Waliofikiwa wakiwa na miaka 16 hadi 18, asilimia 34. Chanjo ni ileile, nchi ileile, kikubwa kilichotofautiana ni umri. Na chanjo yenyewe ilikuwa Cervarix, ile ya aina mbili ambayo watu huiita ndogo.

Sasa tuje kwenye majina, maana ukienda bila kuyajua utayumbishwa.

HPV ina aina nyingi, kila moja na namba yake. Aina 16 na 18 ndizo wauaji wakubwa: peke yake hizo mbili husababisha kama asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Kila chanjo ya HPV inayotumika leo inazo hizo mbili. Cervarix inazo hizo tu, na Cecolin inayotengenezwa China vilevile. Gardasil ya kawaida inaongeza aina 6 na 11, ambazo hazileti saratani ila huleta masundosundo, zile chunjua za sehemu za siri zinazoaibisha watu. Gardasil 9 inaongeza tena 31, 33, 45, 52 na 58, na kwa hizo kinga inafika kama asilimia 90 ya saratani hizi.

Ukisoma hivyo utasema basi Gardasil 9 ndiyo bora, na kwenye karatasi ni kweli inafunika zaidi. Kama mtoto wako anaweza kuipata wiki hii na fedha ipo bila kuuza kitu, mchukulie. Lakini Shirika la Afya Duniani halijaitaja yoyote kuwa lazima ipewe nafasi ya kwanza, kwa sababu juu ya 16 na 18 zote zinafanya kazi kwa kiwango kinachokaribiana. Kenya walifanya utafiti kwa wanawake wa miaka 15 hadi 20, wengine wakapewa ya aina mbili, wengine ya aina tisa, dozi moja tu. Baada ya miezi 18 chanjo zote mbili zilikuwa zimezuia maambukizi mapya ya kudumu ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5. Kwetu Mwanza wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waligawanywa dozi moja, mbili au tatu za chanjo hizohizo, na karibu wote waliopata dozi moja walikutwa na kingamwili miaka miwili baadaye. Tafiti hizi zilifanywa kwa mabinti wa Afrika Mashariki. Mimi hilo linanipa utulivu kuliko maneno ya tangazo.

Kuna jambo moja tu linaloweza kukulazimisha uchague chapa. Gardasil zote mbili hutengenezwa kwa kutumia hamira. Kama mtoto aliwahi kuvimba uso au kubanwa pumzi kwa sababu ya hamira, mwambie muuguzi kabla hajavuta dawa, na uulizie Cervarix au Cecolin, ambazo hazitumii hamira. Mtoto anayekula maandazi kila asubuhi bila shida hana tatizo hilo.

Binti yangu wa miaka 11, basi, hakuhitaji mkutano. Tanzania ilianza chanjo hii nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Aprili 2024 mpango ukabadilishwa: dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bure. Walipokuja shuleni kwao nilisaini, akachomwa, kesho yake alikuwa anaruka kamba. Mama wa Makorora, binti yako yumo humu. Asiyekuwepo siku hiyo shuleni, au asiyesoma, apelekwe zahanati au kituo cha afya, usingoje warudi. Na ukishapata ya bure, usimtafutie tena ya kulipia kwa hofu. Fedha hiyo ina kazi nyingine, nitaitaja mbele.

Binti wa dada ndiye aliyenikesha. Mwaka aliopaswa kuchanjwa shuleni, siku walipokuja yeye alikuwa matangani, kwenye msiba wa mama yake. Hakuna aliyekumbuka baadaye, mimi nikiwa wa kwanza. Sasa ana 19, mpango wa bure umempita, ikabidi tutafute hospitali binafsi. Pale wakatuambia dozi tatu, tena Gardasil 9. Hawakutudanganya: karatasi ya mtengenezaji inasema kuanzia miaka 15 ni dozi tatu, mwanzo, baada ya miezi miwili na baada ya miezi sita. Lakini Shirika la Afya Duniani, tangu Desemba 2022, linasema msichana mwenye afya njema wa miaka 9 hadi 20 anaweza kupewa dozi moja au mbili. Kuanzia 21 ni mbili, zikipishana miezi sita. Usiogope kumuuliza daktari hilo waziwazi: "Mnafuata karatasi ya kiwanda au mwongozo wa Shirika?" Mwanangu aliuliza, wakazungumza vizuri, akachagua dozi moja ya Gardasil 9. Kwake aina tisa zilikuwa na maana, kwa kuwa fedha ya dozi tatu ilikuwa imegeuka ya dozi moja.

Wifi yangu kesi yake ni tofauti, na hapa nataka msomaji apunguze mwendo. Mwenye VVU hupata saratani hii kwa urahisi zaidi, kama mara sita ya asiye na VVU. Dozi moja haimtoshi, hata awe na miaka 10. Anahitaji angalau mbili, na tatu ndizo nzuri zaidi. Kwa hiyo mzazi wa mtoto anayetumia ARV asiridhike na ile sindano moja ya shuleni. Aende kliniki ya mtoto aseme hali yake, aombe dozi zilizobaki. Kwa wifi tulicheza mchezo wa kina mama miezi minne ili tupate fedha. Chapa tulichagua kwa swali moja tu: ipi mna uhakika wa kuwa nayo miezi sita ijayo? Walisema Gardasil ya aina nne, tukachukua hiyo. Ni vyema umalize na chapa uliyoanza nayo. Ikikosekana kabisa, au kadi ikipotea na hujui ulianza na ipi, malizia na iliyopo, huanzi upya.

Mimi mwenyewe wa 41 sikuchanjwa. Watu hushangaa. Kwa umri wangu, na ndoa ya miaka kumi na minane, chanjo ingenisaidia kidogo sana, na fedha ileile ilifaa dozi za wifi. Kilichonifaa mimi ni kupimwa. Nililala kitandani dakika chache, muuguzi akapaka kile kimiminika cha asidi kama siki kwenye mlango wa kizazi, akasubiri kama dakika moja aone kama kuna sehemu inageuka nyeupe. Panapogeuka nyeupe mara nyingi hutibiwa mapema, siku hiyohiyo ikiwezekana, kabla hapajawa saratani. Mwanamke aanze akiwa na miaka 30, mwenye VVU aanze na 25, hata kama kachanjwa. Tena sisi Waafrika tuna sababu ya ziada: aina 35 ya virusi hivi huonekana kwetu kuliko kwa wengine, na haimo katika chanjo hizi nilizozitaja, hata ile ya tisa. Nauli na muda wa kwenda kupimwa ndiyo ile kazi nyingine ya fedha niliyoisema. Na damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, isitibiwe kama mkojo. Sema unataka kuangaliwa.

Siku ya sindano, haya nimeyaona na nayashikilia. Mpe mtoto chai na mhogo kabla hajatoka, maana wako wasichana wanaozimia kwa hofu na njaa. Baada ya kuchomwa begani akae dakika kumi na tano. Mkono utauma siku moja mbili, huenda na homa kidogo. Ukilipia mwenyewe, omba kuona kichupa kabla, usome jina na tarehe ya mwisho. Vichupa vya mpango wa taifa vina alama ya joto, mraba mdogo ndani ya duara: mraba ukiwa mweupe kuliko duara, dawa ni nzima, ukilingana nalo au ukizidi weusi, isitumike. Dawa hukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, na ikiganda imeharibika. Mimi umeme ukikatika cherehani yangu ya mota husimama, kwa hiyo nauliza bila aibu: jokofu lenu linashika vipi umeme ukienda? Pahala pazuri watakuonyesha kipimajoto na daftari. Mjamzito angoje ajifungue. Anayenyonyesha achomwe tu.

Na kwa mabibi wanaoniambia kwamba inafunga kizazi: ndani yake mna ganda tupu la kirusi, halina mbegu ya kuzaliana, haliwezi hata kuleta ugonjwa wenyewe. Australia walianza kuwachanja wasichana wa shule mwaka 2007. Wale wasichana leo wanapeleka watoto wao kliniki.

Kadi zetu naziweka kwenye kopo la vifungo, juu ya meza ya kukatia. Kwenye kila moja nimemwomba muuguzi aandike jina la chanjo kwa ukamilifu, tarehe, na namba ya toleo, kwa sababu "HPV" peke yake haitamsaidia mtu miaka kumi ijayo. Ya binti yangu ina mstari mmoja. Ya mwanangu wa uuguzi, mmoja. Ya wifi ina miwili, na wa tatu ni Alhamisi ijayo saa tatu asubuhi. Nimeshawaambia wateja kwamba siku hiyo nitafungua baada ya adhuhuri.