Dawa za mimea na utumbo kushikana baada ya opresheni: nini ufanye, na ufanye lini

Tangu nipone ugonjwa wa utumbo kuziba kwa makovu ya opresheni watu wananiuliza swali moja tu, nimekunywa nini mpaka utumbo haujashikana tena, na wengi wakiuliza wanakuwa tayari na kikombe mkononi, manjano na pilipili manga, au tangawizi na habasoda, vitu ambavyo huku kwetu Tanga hakuna nyumba inayovikosa manake iliki na mdalasini na pilipili manga vinashuka kutoka Muheza na Amani kila siku. Nimeona niandike yote kwa pamoja, kwa sababu ukikosea siku za kunywa unaweza kujiumiza kabisa.

Kwanza tuelewane kinachotokea mle ndani. Utumbo, kizazi, ini, vyote vimefunikwa na ngozi nyembamba sana inayoteleza, ndo maana utumbo unajisogeza bila wewe kujua. Ukipasuliwa ile ngozi inachubuka, kwa kushikwa, kwa kukatwa, hata kwa kukauka tu chini ya zile taa. Ndani ya masaa machache damu inaacha utando unaonata, madaktari wanauita faibrini, na hapo kiungo kimoja kinaweza kugandana na jirani yake. Mwili una uwezo wake wa kuuyeyusha huo utando, na ukiwahi basi, habari imeisha. Usipowahi, kuanzia siku ya 3 hadi ya 5 seli zinazojenga kovu zinaingia, zinasuka nyuzi, mishipa ya damu inaota humo, na sasa una kamba hai tumboni. Ni kama uji uliomwagika mezani, ukipitisha kitambaa saa ile ile unatoka wote, ukiulalisha mpaka asubuhi utautafutia kisu. Ngozi mpya inakuwa imejifunika kwenye siku ya 7 au 8, kwa hiyo kila kitu kinaamuliwa ndani ya wiki moja, na siku za mwanzo za hiyo wiki unaweza usiruhusiwe hata maji vizuri.

Waliofanyiwa opresheni kubwa ya tumbo wengi wao wanapata huku kushikana na hawajui mpaka wanazeeka. Ila kuna wanaobaki na maumivu, kuna dada zetu mirija inavutwa na mimba haishiki, na kuna wanaoziba utumbo kama mimi.

Sasa hiyo mimea. Sio uzushi, nataka niseme hivyo wazi kwa sababu kuna watu wakisikia miti shamba wanacheka. Manjano ina kitu kinaitwa kukumini, vitunguu vina kwesetini, ngozi ya zabibu nyeusi ina resveratroli, na vyote hivyo pamoja na tangawizi na mafuta ya habasoda vimejaribiwa kwa panya wa maabara waliopasuliwa tumbo na panya wengi walitoka na makovu machache, vinapunguza uvimbe na vinazituliza zile seli zinazosuka kovu. Lakini angalia walivyopewa. Mara nyingi ni dawa iliyochujwa, imepimwa kwa uzito wa mnyama, na mara nyingine imemwagwa moja kwa moja ndani ya tumbo likiwa bado wazi. Manjano ya sokoni katika gramu 100 kukumini ni kama gramu 3 tu, na ukiinywa sehemu kubwa inapita tu na choo, damuni inaingia kidogo mno. Pilipili manga inasaidia iingie zaidi, hilo ni kweli, ila inafanya hivyo kwa kuchelewesha ini lisiivunje, na ini hilo hilo ndo linavunja dawa ulizoandikiwa wodini, kwa hiyo na zenyewe zinaweza kukuzidi.

Kwa hiyo mmea unaokinga makovu upo, ila unaingia kwa mkono wa daktari wakati tumbo liko wazi, hauingii kwa kikombe. Na hospitalini ipo mimea ya namna hiyo watu hawajui. Sisi tumekulia kwenye mashamba ya katani, ule uzi mweupe sehemu kubwa yake ni selulosi, na selulosi hiyo hiyo, ila wao wanaitoa kwenye mbao na pamba, inatengenezwa kitambaa chepesi kinachotandazwa juu ya sehemu iliyochubuka, kinageuka ute, kinazitenganisha nyama mpaka ngozi mpya iote, halafu mwili unakinyonya wenyewe. Kitambaa cha aina hii kinataka sehemu iwe imekauka damu kwanza, la sivyo hakifanyi kazi. Ipo nyingine ya selulosi iliyochanganywa na asidi ya haialuroniki, yaani ute ambao hata mwili wenyewe unautengeneza, Marekani iliruhusiwa 1996. Halafu kuna maji ya aikodekstrini, yanatokana na wanga wa mahindi, yanaachwa tumboni siku kadhaa viungo vielee visigusane. Mwenye kisukari sikiliza hapa: hayo maji yakiingia mwilini baadhi ya vile vipimo vya sukari vya kidole vinasoma juu kuliko ukweli, mtu akachomwa insulini asiyoihitaji, lazima nesi ajue. Na cha ajabu, wanga wa mahindi ule ule ukiwa unga wa kwenye glavu ulikuwa unaleta makovu, mpaka Marekani wakapiga marufuku glavu za unga mwaka 2016.

Basi kabla ya opresheni muulize daktari, kwa adabu tu, ukimsalimia na kumweleza kwamba unaogopa utumbo kushikana: hii yangu inaweza kufanywa kwa matundu madogo? Kinga ya kuweka ndani ipo, inanifaa, ni kiasi gani? Glavu zina unga? Mimi nilipomuuliza daktari wangu nilidhani ataniona mjuaji. Akavuta kiti akakaa, akachukua kalamu akanichorea nyuma ya karatasi ya vipimo, akaniambia kinga hazipatikani kila mahali na sio kila opresheni inazihitaji, ila kushika nyama kwa upole, kuzilowanisha kwa maji ya chumvi zisikauke, kuzuia damu vizuri, hivyo ndo vya kwanza na havinunuliwi dukani.

Na wiki mbili kabla acha vidonge na kapsuli za mimea, za manjano, za tangawizi, za vitunguu saumu, na yale mafuta ya habasoda ya vijiko kwa vijiko. Vingi vinaweza kuifanya damu isigande vizuri, na damu ikivuja tumboni ndo unaongeza ule utando unaonata, yaani unajitengenezea lile lile unalolikimbia. Bizari ya kwenye mchuzi au tangawizi ya chai kawaida haina neno, nasema ile ya dozi. Ikiwa ni dharura na hukupata muda wa kuacha, mtajie daktari kila ulichokunywa hata kama shangazi amesimama pale pembeni anakukonyeza unyamaze. Dawa za presha na za sukari usiziache kwa akili yako.

Baada ya opresheni, amka utembee mapema kadiri manesi wanavyokuruhusu, hata kama ni kutoka kitandani mpaka dirishani. Kutembea hakuzuii makovu, ila kunasaidia damu isigande miguuni na utumbo uamke. Chai ya tangawizi ukisharuhusiwa kunywa haina shida, inatuliza kichefuchefu, inywe kwa hilo. Kapsuli usirudie mpaka daktari akubali.

Mama zangu waliojifungua kwa opresheni, hapa nawaomba sana. Najua mama mkwe anakuja na maji ya moto na mkaja na uji wa pilipili manga, na anakuja kwa mapenzi. Uji kunywa. Mkaja muulize nesi kwanza, na usikazwe mpaka pumzi inakata. Lakini kukandwa juu ya kidonda kibichi kataa, maji ya moto yanaunguza ngozi iliyokufa ganzi na wewe huhisi, na hayafiki kwenye kovu la ndani hata kidogo.

Kovu likishakomaa hakuna mmea wa kuliyeyusha, atakayekuuzia dawa ya kuyeyusha anakuuzia tumaini. Hilo linakatwa tu, na likikatwa linaweza kurudi, ndo maana madaktari hawakimbilii kupasua tena kama mtu hajaziba.

Mimi nilitolewa uvimbe kwenye kizazi, nikakaa miaka mitatu vizuri tu, siku moja tumbo likaanza kunisokota linaachia, linasokota linaachia. Nikadhani choo kigumu. Nikanywa sanamaki, usiku shangazi akanichua tumbo kwa mafuta ya nazi. Kesho yake natapika kijani, tumbo limejaa kama ngoma, na tangu jana yake sijatoa hata upepo. Ningechelewa zaidi utumbo ungeweza kuoza. Nilikaa siku tatu na mpira puani na dripu mkononi, ukafunguka wenyewe bila kisu, namshukuru Mungu.

Kwa hiyo ukiwa umewahi kupasuliwa tumbo, hata miaka 20 iliyopita, halafu ukapata maumivu ya kusokota na kuachia, kutapika, tumbo kujaa, choo na upepo vimekata, usile, usinywe sanamaki wala haluli, usikubali kuchuliwa. Chukua bodaboda au bajaji usiku huo huo, na ukifika pale mapokezi sentensi ya kwanza iwe hii: niliwahi kufanyiwa opresheni ya tumbo, sijatoa upepo tangu saa fulani.