Somo: Kulala jangwani Sharqiya, Oman, na wenyeji Mabedui

Somo hili ni la anayekwenda Ramlat al-Sharqiya, mchanga ambao wengi bado wanauita Wahiba. Ni kama kilomita 180 kutoka kaskazini hadi kusini na 80 kwa upana. Wageni wengi huingilia mji wa Bidiyah, saa mbili na nusu hivi kutoka Muscat kupitia Ibra, lami tupu. Matatizo mengi ya mchangani huanzia hapo Bidiyah, kwa jambo ambalo halikuulizwa au tairi ambayo haikupimwa.

1. Chagua siku

Nenda kati ya Oktoba na Machi. Kiangazi joto hupita nyuzi 45 na baadhi ya kambi hufungwa. Wikiendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo Alhamisi na Ijumaa usiku kambi hujaa. Anayetaka utulivu aende Jumapili hadi Jumatano.

2. Malizana na mwenyeji kabla ya safari

Andikianeni, msiishie kwenye maneno ya simu. Uliza: chakula cha jioni na cha asubuhi vimo kwenye bei? Kuchukuliwa Bidiyah kumo? Kupanda matuta ya mchanga kwa gari kumo, au ni malipo mengine? (Mara nyingi ni mengine.) Gari lina mikanda viti vyote? Choo ni cha ndani au cha pamoja? Jenereta huzimwa saa ngapi? Ukitaka shuwa, nyama ya kuokwa shimoni, sema siku kadhaa mapema, maana hukaa humo siku nzima au zaidi.

Panga kufika Bidiyah saa tisa alasiri. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na mbili kasoro robo, na mgeni hapaswi kuendesha matutani gizani. Kivuli kikipotea huoni tuta linapokatika.

3. Tairi

Ukiwa abiria, ruka sehemu hii. Ukiendesha gari lako la 4x4 nyuma ya mwenyeji, isome mara mbili.

Lami ikiisha, simama mahali pagumu. Tairi zilizokuwa na psi 35 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) zishushe hadi 18, zote nne. Fungua kifuniko cha vali, kitie mfukoni, bonyeza kile kijiti cha katikati kwa ncha ya ufunguo, pima kila baada ya nusu dakika. Ubavu wa tairi utaanza kutuna karibu na ardhi. Tairi iliyolegea hukanyaga eneo kubwa zaidi, uzito ukagawanyika, gari likapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba.

Kumbuka tairi iliyotoka barabara kuu ina joto. 18 ya tairi moto hugeuka 16 hivi usiku ukipoa, kwa hiyo pima tena asubuhi kabla hujashusha zaidi. Chini ya 12 ni kwa ajili ya kujinasua tu. Ukikata kona kali kwa upepo mdogo namna hiyo, tairi huchomoka kwenye rimu.

Ukirudi kwenye lami, jaza upepo hapo hapo kwa pampu yako, au nenda polepole hadi gereji ya Bidiyah. Kukimbiza gari barabara kuu na psi 18 huchemsha ubavu wa tairi hadi ipasuke.

4. Mchangani

Fuata alama za gari la mwenyeji, lakini msipande tuta moja pamoja. Subiri avuke kileleni na akuite. Panda ukiwa umenyooka; kupanda kiubavu ndiko kunakopindua magari. Usikanyage breki kwa nguvu: mchanga hujirundika mbele ya tairi, na kuondoka tena inakuwa shida. Ondoa mguu kwenye mafuta, gari litasimama lenyewe. Simama ukielekea mteremko.

Ukikwama, acha mafuta mara moja. Kila mzunguko wa bure unaizamisha tairi. Toa mchanga mbele na nyuma ya magurudumu kwa chepe, na chini ya tumbo la gari kama limekalia. Shusha upepo hadi 12, kisha rudi nyuma kwa alama zako mwenyewe. Kamba ifungwe kwenye ndoano ya fremu. Usiifunge kwenye lile tufe la kuvutia trela, maana likikatika huruka na linaweza kuua.

5. Kambini

Utakaribishwa kwa tende na kahawa ya iliki. Pokea kwa mkono wa kulia. Kikombe hujazwa kidogo tu. Ukitosheka, kitikise unapokirudisha. Ukikitoa bila kutikisa utaongezwa kingine.

Usipige picha wanawake wa nyumba bila ruhusa. Wageni wanawake huweza kualikwa upande wa akina mama, na vitu vilivyofumwa humo ni vizuri kununua, fedha inafika mkononi mwa aliyefuma.

Vibanda vingi ni vya makuti ya mtende. Ukilala nje, omba turubai juu ya blanketi, kwani umande wa Bahari ya Arabu hulowesha matandiko kabla ya alfajiri. Viatu vikung'ute kabla ya kuvaa, nge hupenda humo. Maji ya kunywa: lita 4 kwa mtu kwa siku, hata majira ya baridi.

Maswali ya wasafiri

*Nina gari dogo la kukodi, si 4x4. Linafika?*
Hapana. Liache Bidiyah, mwenyeji aje kukuchukua. Hata ukikodi 4x4, soma mkataba, maana mingi hukataza mchanga na bima haitalipa.

*Malipo yanahesabiwaje?*
Kulala ni kwa kila mtu kwa usiku. Gari la kupandia matuta ni kwa gari, kwa hiyo jazeni viti vyote. Beba riali taslimu.

*Kibla nitakijuaje simu ikikosa mtandao?*
Kutoka Bidiyah ni magharibi kamili. Usifuate jua linapozama: Desemba huzama kusini zaidi kwa digrii 25 hivi. Tumia dira, au muulize mwenyeji.

*Kiswahili kinasaidia?*
Mjini ndiyo. Ibra na Bidiyah kuna familia zilizoishi Zanzibar na bara, na wazee wengi wanakizungumza. Mchangani tegemea Kiarabu na Kiingereza.

*Tunaweza kukata kuni?*
Msikate mghafu, mti wa jangwani. Ndio kivuli na malisho ya ngamia wa wenyeji. Nunueni kuni au mkaa mjini.

*Mama yangu ana mgongo. Aende?*
Aende kambini kwa njia ya bondeni, kiti cha mbele, na mwambie dereva mapema. Kupanda matuta asipande. Wajawazito vilevile.

*Dharura?*
Polisi wa Oman ni 9999. Mtandao hukatika katikati ya matuta, kwa hiyo waachie watu wa mjini jina la kambi na saa mnayotarajia kutoka.